Dakika Nne kwa Sista Nyanchera

Saa nane usiku simu ilitetemeka juu ya mfuniko wa sufuria, trrr, trrr, kama mende aliyenaswa ndani ya debe, na Lynette akaruka kitandani roho juu, akaipapasa gizani kabla haijamwamsha Benter, binti yake wa mwaka mmoja na miezi miwili. Kwenye kioo aliona kilekile alichokuwa akikiona kwa wiki tatu sasa: kuna mtu mwingine tena, sijui wa wapi, amebonyeza kidole gumba chini ya maneno yake. Huyu alikuwa wa mia moja na kumi na mbili. Hakulala tena. Alfajiri alichemsha kahawa ya tangawizi, akajaza themosi mbili, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda kuketi pale anapouzia, Kebirigo, chini ya bati la mshona viatu, kando ya benchi ambalo watu wa soko wanaliita Korti Kuu kwa sababu kesi ikifika pale haiishi. Nafasi hiyo aliipata siku kumi tu zilizopita, muuza kahawa wa zamani alipoolewa Keroka. Lynette mwenyewe ni mtu wa kando ya ziwa, Kebirigo amehamia na mumewe Dancun, fundi wa nyaya za stima, hata miezi miwili haijaisha. Kama angechagua, asingechagua pale. Benchi linatazamana na duka la dawa la Sista Nyanchera, muuguzi mstaafu, na kila siku yeye aliketi akiligeuzia mgongo. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na mlango wa duka ulikuwa haujafunguliwa tangu Jumanne.

Kufikia saa kumi jioni Korti Kuu lilikuwa limekaa. Kulikuwa na Angwenyi, anayeitwa Wakili ingawa hajasoma sheria hata siku moja. Kesi ya shamba lake tu ndiyo ilichukua miaka kumi na moja, na aliipenda hata ilipoisha akaugua. Kulikuwa na Nyangau, Mzee Kengele, mzee wa kanisa la Wasabato, ambaye kahawa hainywi kwa sababu ya imani yake, kwa hiyo Lynette humwekea maji moto na limau, naye huyapuliza kama yana utamu. Kulikuwa na Duke, kijana wa kutengeneza simu, anayeitwa Skrini. Na kando yao, juu ya gunia na si juu ya benchi, alikaa Jacinta na mikungu yake ya ndizi, akiongea kuliko wote watatu.

Skrini alikuwa ameshika simu, amefungua ramani pale watu wanapoyapa maduka nyota na kuyaandikia maoni.

— Soma tena, — Wakili alisema. — Polepole. Hiyo ni ushahidi.

— Nimesoma mara nne, omogaka, mzee wangu.

— Yangu ilisomwa miaka kumi na moja. Soma.

Skrini akakohoa, akasoma:

— «Nyota moja. Huyu mama ana roho ya jiwe. Nilimletea mtoto wangu anakufa, akaniambia hauzi, akanifungia mlango usoni. Msipeleke watoto hapa.» Imeandikwa na mtu anaitwa Malkia 04. Wiki tatu zimepita. Watu mia moja na kumi na wawili wamesema inawasaidia.

Lynette alikuwa akimimina. Aliendelea kumimina mpaka kahawa ikafika ukingoni, akaacha. Kila neno alilijua. Alikuwa ameliandika kwa kidole kimoja tu, akiwa ameketi sakafuni kando ya kitanda cha hospitali huko Nyamira, mkono wake wa pili umeshikilia mkono wa Benter uliofungwa bomba la maji kwa plasta, na kila alipofumba macho aliuona tena mlango ule ukifungwa. Malkia ni jina alilojipa akiwa kidato cha nne, wasichana wote bwenini walijipa majina. Elfu mbili na nne ndio mwaka aliozaliwa. Hakufikiria kwamba jina linasomwa.

— Sasa, — Wakili alisema, akiweka kikombe gotini, — swali la kwanza la korti ni hili. Huyu shahidi alikaa ndani ya duka muda gani?

— Dakika nne, — Jacinta akajibu. — Na nimeongeza. Mimi siku hiyo nilikuwa hapahapa nafunga gunia. Nilisikia mtu amekuja mbio, nikasikia Sista anasema kitu, nikainua kichwa, jua likanipiga machoni. Nilipoona vizuri, mama ameshapanda boda, ameenda. Sikuona hata uso.

— Dakika nne, — Wakili alirudia, akitikisa kichwa. — Mtu wa dakika nne si shahidi. Mtu wa dakika nne ni mpita njia. Kwa kesi yangu walileta mzee mmoja aliyelala kwa mpaka wa shamba usiku mzima, na hakimu akasema hakukaa vya kutosha.

— Lakini Wakili, nyota si kesi, — Skrini akasema. — Wewe ukiingia hoteli upate nzi kwa supu, kwani unangoja umalize bakuli ndio uandike? Dakika moja inatosha. Watu wengine wasaidike.

— Hiyo ni nzi. Nzi ni nzi. Lakini mtu?

— Mtu pia ana nzi yake.

Jacinta akacheka. Mzee Kengele hakucheka. Alipuliza maji yake, akasema taratibu:

— Mimi nilikaa na marehemu mke wangu miaka thelathini na minane. Mkinipa hizo nyota zenu leo, niambiwe niandike, sijui nitampa ngapi.

— Ungempa tano, acha kujifanya, — Jacinta alisema.

— Kuna siku zilikuwa za tatu.

— Na yeye wewe angekupa ngapi?

Mzee Kengele akatazama ndani ya kikombe. — Hakukuwa na simu wakati huo, — akasema. — Mungu alinisaidia.

Wakacheka wote, hata Lynette akajikuta ametabasamu, halafu akageuka akaona bati la mlango wa duka lililoshushwa na tabasamu likamkauka. Alikuwa ameshafuta yale maneno mara mbili kichwani mwake na mara zote mbili hakuyafuta kwenye simu, kwa sababu alijiambia ni ya kweli, ni ya kweli kabisa, mtoto alikuwa anaungua na macho yamegeuka meupe na mlango ulifungwa, nani aliona ukifungwa kama si yeye? Na tena aliogopa akiyafuta leo, kesho Skrini ataona yamefutwa, atauliza ni nani ameyafuta saa hiyo, na mgeni hapa ni nani.

— Tuache muda, — Wakili aliendelea. — Swali la pili. Huyu Malkia 04 ni nani?

— Ni maduka mengine ya dawa, — Skrini akasema mara moja. — Kuna vijana Nairobi kazi yao ni hiyo tu. Unawatumia jina la biashara ya jirani yako, wanaiandikia nyota moja moja usiku, asubuhi imekufa.

— Hapana, — Wakili alisema. — Hii ni maneno ya ploti. Mnaona hilo duka limekaa kona, barabara mbili. Mtu anataka kona. Sifuri nne si ajabu ni namba ya ploti. Nilisema kitambo Sista aweke ua.

— Ploti inaandika juu ya mtoto? — Skrini akauliza.

— Ploti inaandika chochote. Wewe hujapigania shamba.

Mzee Kengele akainua kidole, na alipoinua kidole wengine wakanyamaza, maana hufanya hivyo mara moja kwa wiki.

— Ninyi wote mmepita karibu lakini hamjafika. Nne. Amri ya nne ni ipi?

— Haya basi, tumeanza, — Jacinta akanong'ona.

— Ikumbuke siku ya Sabato uitakase. Hiyo ndiyo nne. Sasa dada yetu Nyanchera anafunga duka Ijumaa jua likizama, miaka ishirini na sita hajauza kidonge kimoja Sabato, na anatokea malkia, na malkia mnajua maana yake kwa maandiko, anapiga vita nambari nne. Hii si simu. Hii ni unabii.

— Mzee, — Skrini alisema, — unabii na kidole gumba?

— Hata punda wa kwenye Biblia alisema.

— Au ni mashine, — Skrini akasema, amechangamka sasa. — Siku hizi kuna mashine inaandika yenyewe tu. Haina mama, haina mtoto. Inasoma mambo ya watu, inatunga.

— Mashine haiwezi kusema roho ya jiwe, — Jacinta akasema. — Hapo kuna mtu aliyelia. Mimi nasikia.

Lynette akainama akapanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa. Walipozoza hivyo Kiswahili chao kilianza kuteleza, wakaingia Ekegusii, lugha ya kwao, Wakili anasema kitu, Jacinta anamkata, Mzee Kengele anaguna, na yeye haelewi hata neno, anasikia tu jina la Nyanchera likipita katikati, Nyanchera, Nyanchera. Mwisho hakuweza kujizuia. Maneno yakamtoka mbio, hata yeye akayasikia kama ya mtu mwingine.

— Lakini kama mtoto alikuwa anaungua, mimi nasema tu, kama alikuwa anaungua na mama amekimbia naye kutoka huko chini, hajui mtu, bwana yuko kazini, halafu anaambiwa siuzi, hizo dakika nne kwani si nyingi? Mtoto akishikwa na degedege dakika nne ni mwaka.

Benchi zima likamtazama.

— Ni kweli, — Skrini akasema baadaye. — Mama Benter ameongea.

Jacinta alisogeza mkungu mmoja kando. Alifuta mikono kwenye kitenge chake. Halafu akazungumza kwa sauti ya chini kuliko ile ya soko.

— Mama Benter, wewe si wa hapa, kwa hiyo sikulaumu. Wacha nikwambie. Sista akisema siuzi, hamaanishi nenda. Hapa kila mtu anajua. Jua likizama Ijumaa yeye hagusi pesa, imeisha. Anafunga mbele. Lakini wewe unazunguka ukuta, hapo kwa kijia cha migomba, unapiga dirisha la nyuma, na dawa unapewa. Bure. Kuuza ndiyo hauzi. Kupeana anapeana. Jumapili ukiwa na kitu unaleta, ukiwa huna unaleta mkungu wa ndizi, ukiwa huna ndizi unasalimia tu. Watoto wangu wote wanne wamepita kwa hilo dirisha.

— Hata mimi mguu wangu, — Wakili alisema.

— Kwa hiyo akisema siuzi, anakuonyesha kwa kidevu, hivi. — Jacinta akasukuma kidevu kando, kuelekea ukutani. — Maana yake zunguka.

Lynette alikiona kidevu hicho. Alikuwa amekiona wiki tatu zilizopita, jua likiwa jekundu nyuma ya mabega ya yule mama, na alidhani anafukuzwa kama mbuzi. Hakuna aliyewahi kumwambia. Na nani angemwambia, kila mtu hapa alikua akijua, ni jambo la kuzungumziwa kweli, kwamba dirisha la nyuma liko nyuma?

— Hakuzunguka, — alisema.

— Hakuzunguka. Na hiyo ndiyo inauma. Mimi naenda zangu nyumbani na gunia, nakuta Sista amesimama kwa mlango wa nyuma, ameshika dawa ya maji mkono huu na kijiko mkono huu, na beseni la maji ameshaweka chini amkande mtoto. Ananiuliza, Jacinta, umeona mama na mtoto? Nimemngoja hajazunguka. Nikamwambia ameenda na boda. Akasema, hapana, hawezi kwenda, yule mtoto hawezi kufika Nyamira. Tulitafuta na tochi mpaka stendi. Mama wa miaka sabini na mbili, na magoti yale. Tuliuliza kila mwendesha boda. Aliyembeba alikuwa wa kupita tu, hatukumpata.

Themosi ya kwanza ilikuwa imekwisha. Lynette akaifunga, akaifungua, akaifunga tena.

— Halafu mjukuu wake anakuja kutoka Nairobi, — Skrini alidakia, — anamwonyesha simu. Sista hata hakuwa anajua duka lake liko kwa ramani. Ni wajukuu waliweka.

— Na akafunga, — Wakili alisema. — Jumapili anahamia Kenyenya kwa binti yake. Anapakia makabati. Aibu, nawaambia. Mtu akichafuliwa jina uzeeni hajui pa kulioshea.

— Si aibu, ni hasira, — Jacinta akasema. — Mimi ningekuwa na hasira.

— Ndio maana nasema tumtafute huyo Malkia, — Wakili akapandisha sauti. — Aletwe. Kwa chifu kwanza, halafu korti. Hawezi kuharibu mama wa watu kwa dakika nne na aendelee kulala. Skrini, si hiyo simu inaweza kufuatwa?

— Wakitaka? Wanakufuata mpaka kitandani. Namba, mahali, kila kitu. Pengine hata yuko hapa karibu. Pengine ananunua kwa Mama Benter kahawa kila siku.

Kikombe kikamponyoka Lynette, kikaanguka kwenye vumbi, hakikuvunjika. Aliinama kukiokota na mtoto mgongoni akainama naye, akacheka, akidhani ni mchezo. Aliwaza Dancun akiitwa na chifu. Aliwaza benchi hili likiwa tupu na themosi zote mbili zimejaa mpaka jioni, kodi ya chumba, unga, watu wakimwonyesha kwa kidole kila anapopita na ndoo: ni yule, wa kutoka ziwani, tulimpa mahali pa kukaa.

Ndipo alipokuja mtu wa tano. Alikuwa mwanamume mwenye begi la mbegu za mahindi za kuuza, pikipiki yake imepata pancha pale kona na fundi amemwambia angoje. Akasalimia, akasema anaitwa Otiende, anatokea upande wa ziwa, akaomba kahawa. Lynette akammiminia kutoka themosi ya pili. Wakili, ambaye hakosi kumfungulia mgeni faili, akamweleza kesi yote tangu mwanzo: mtoto, duka, dirisha, nyota, ploti, unabii, mashine. Otiende alisikiliza akinywa. Alipofika nusu ya kikombe akauliza:

— Na mtoto? Alipona?

Wakili akageuka. Akamtazama Skrini, na Skrini akaitazama simu, akaipandisha juu kwa kidole, akaishusha, kama kwamba jibu limejificha mahali kati ya zile nyota.

— Haijaandikwa, — alisema.

— Mzee? — Otiende akauliza.

Mzee Kengele akatikisa kichwa.

— Kwa hiyo hamjui, — Otiende alisema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa tu anauliza.

Jacinta alikuwa anatazama mikono yake.

— Wiki tatu, — akasema. — Wiki tatu nakaa hapa nikiongea juu ya huyo mama. Sijauliza hiyo. Mtoto wa mtu, sijauliza.

Mgongoni mwa Lynette, Benter alikuwa akitafuna andazi na kumdondoshea makombo shingoni. Neno moja tu lilitakiwa. Lilikuwa pale kooni, ndiyo, ndiyo alipona, alilazwa siku mbili na sasa ana meno sita. Akalimeza. Fundi akapiga mluzi kwamba gurudumu limekaa, Otiende akalipa, akaaga. Baada yake benchi halikurudia kuzoza. Mzee Kengele akalitazama jua, akasema ni wakati, na akainuka kabla hajamaliza maji yake. Skrini akaenda kufunga kibanda. Wakili akakaa kidogo zaidi, peke yake, akaondoka bila kutoa hukumu, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Lynette alimwaga kahawa iliyobaki. Akafunga themosi ndani ya kikapu. Alijiambia anakwenda nyumbani, alijiambia hivyo mpaka alipofika kwenye kijia cha migomba, na hata pale alisimama mara mbili akitaka kurudi. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na makatoni, mengine yamefungwa kwa kamba, na Sista Nyanchera ameketi kwenye kiti cha plastiki katikati yake, mwembamba kuliko alivyomkumbuka, anafuta vumbi kwenye mzani wa kupimia watoto.

— Sista, — Lynette alisema.

— Duka limefungwa, mwanangu.

— Sikuja kununua.

Alijaribu kusema yale aliyoyapanga njiani, na yote yakamkimbia. Akafungua kitenge, akamzungusha mtoto mbele, akamsimamisha kwenye sakafu, akimshika mikono yote miwili.

— Ni huyu, — akasema.

Sista Nyanchera hakuuliza ni nani huyu. Aliweka mzani chini. Alimtazama mtoto kwa muda mrefu, halafu akajitupa magotini, magoti yale mabovu, akaweka kiganja kwenye shingo ya Benter, akashuka kifuani, akafunua jicho moja kwa kidole gumba, jingine, akamshika kifundo cha mguu na kunyamaza akihesabu. Benter akampa andazi lililobaki. Sista akalipokea.

— Ni mzima, — alisema.

— Ni mzima, Sista. Walimwekea maji Nyamira. Ilikuwa malaria. Sikujua kuna mlango wa nyuma, naapa sikujua, nilidhani unanifukuza, na usiku nikaandika, nilikuwa naogopa, nilikuwa naogopa sana, na sikukujua hata kidogo na nikaandika kama nakujua.

— Ulisema anakufa.

— Nilidhani anakufa.

— Hukuandika zaidi. — Mama yule alikuwa bado amepiga magoti, andazi mkononi. — Kila siku namwambia mjukuu anisomee, labda umeongeza. Hukuongeza. Nikajua nimeua mtoto. Miaka arobaini na minne nimezalisha, nimechoma sindano, sijawahi kulala na mtoto aliyekufa kwa sababu yangu mimi. Wiki tatu nimelala naye.

Lynette akaketi palepale sakafuni, katikati ya makatoni, akalia kwa sauti, na mtoto alipoona analia akaanza naye. Sista hakulia. Aliinuka kwa kushika katoni, akaketi kitini, akawangoja wote wawili wamalize, kama mtu aliyewangoja wengi.

— Nitafuta, — Lynette alisema, akichomoa simu. — Nafuta sasa hivi. Naandika upya, nyota tano, na jina langu, na picha yake. Kesho nasimama pale kwa benchi nawaambia wote ni mimi. Wakili anasema nipelekwe kwa chifu, sawa, nipelekwe. Na wewe ufungue.

— Umekaa na mimi dakika ngapi sasa?

Lynette akatazama simu. — Labda kumi. Labda kumi na tano.

— Basi bado hunijui. Usiniandikie nyota. Futa tu.

Akafuta. Alikosea mara ya kwanza, simu ikauliza kama ana hakika, akabonyeza. Nyuma ya bati la mbele ilisikika sauti ya Jacinta akimwita mtu amsaidie gunia. Jua lilikuwa limefika kwenye ukuta wa mwisho.

— Kufungua sifungui, — Sista alisema. — Usifikirie ni wewe peke yako. Jumatatu alikuja mama mmoja na mtoto wa homa. Nilishika kijiko, mkono ukagoma. Nikamwambia aende Nyamira. Mkono ukishaanza kuogopa, mtu anaweka dawa chini. Jumapili naenda kwa binti yangu.

— Lakini watu wanakusema, Sista. Hata nikiwa nimefuta, wengine walishayapiga picha yale maneno, yatakufuata mpaka Kenyenya. Wanafaa wajue.

— Wajue nini? Kwamba ni wewe? — Akamtazama sawasawa kwa mara ya kwanza. — Hawa watu ni wazuri, nimekaa nao. Lakini wewe ndiye wa kahawa pale kwa benchi, Jacinta ameniambia, na hawatakunywa kahawa yako tena. Na wewe ni mgeni, una huyu, na bwana wako bado anatafuta kazi za kubahatisha. Mimi nalishwa na watoto wangu. Jina langu litanifikisha pale nilipobaki kufika, si mbali.

— Siwezi kunyamaza hivyo. Utaondoka wakidhani uliua mtoto.

— Mimi najua sikuua. Jana sikujua. — Akampa Benter andazi lake, na mtoto akalishika kwa mikono miwili. — Mlete hapa nimpime kabla jua halijazama, halafu uende. Na uniahidi hutamwambia mtu.

Lynette akamweka mtoto kwenye mzani. Sindano ya mzani ikacheza, ikatulia. Sista akaisoma kwa kuinama sana, mpaka pua ikagusa kioo, akasema kilo kumi kasoro, ni vizuri, ampe mayai. Nje mwanga ulikuwa unaondoka kwenye migomba.

— Hata Dancun nisimwambie?

— Hata yeye. Mwanamume akijua, benchi litajua.

Lynette alimfunga mtoto mgongoni, akakaza fundo, akasimama pale mlangoni bila kujua mkono auweke wapi, mpaka Sista akauchukua yeye.

— Naahidi, — akasema. — Sitamwambia mtu mwingine.